Stima ikipotea Mombasa: mwongozo kamili wa kuchagua betri ya dharura

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima kwa mpigo mmoja. Nyumbani kwetu Kisauni nilikuwa na betri kubwa chini ya meza ya sebuleni, niliyouziwa kwa maneno matamu kwamba itawasha taa, feni na intaneti hadi alfajiri. Iliwasha taa mbili kwa dakika arubaini, nyumba ikarudi gizani, na mama yangu akaulizia kandili. Asubuhi niliibeba hadi uani, nikabandua karatasi ya nembo kwa ukucha, na chini yake nikakuta karatasi nyingine. Ilikuwa betri ya gari iliyokwishatumika, ikaoshwa na kubandikwa jina jipya. Kwenye ncha ya chanya ulikuwa umeota unga wa kijani na mweupe, kama ukungu kwenye mkate.

Novemba na Desemba mwaka huohuo giza la nchi nzima lilirudi. Tangu hapo nimefunga betri kwangu, kwa ndugu na kwa majirani, nikakosea na kusahihisha. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angenikalisha kitako akaniambia kabla sijatoa pesa.

Kaliba, yaani chakula chake kinapatikana wapi?

Wamarekani wanaojiandaa kwa dharura hubishana sana juu ya kaliba ya bunduki, yaani kipenyo cha risasi yake kwa milimita. Mmoja atatetea 5.56 kwa sababu risasi zake ni nyepesi na mtu anaweza kubeba nyingi. Mwingine atataka 7.62 kwa uzito wa pigo lake. Kwetu ubishi huo hauna nafasi: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inadai cheti kwa silaha na kwa risasi zake pia, na bunduki za namna ya kijeshi si kitu cha raia kuweka nyumbani. Wala dharura zinazobisha mlango wa Mombasa si za bunduki. Ni giza, ni mafuriko ya mvua za masika na vuli, ni mifereji kukauka wiki nzima.

Hata hivyo, katika ubishi wao kuna swali moja ambalo nimelichukua kama lilivyo: siku maduka yakifungwa, risasi ya bunduki hiyo utaipata wapi? Mtu mwenye busara hachagui kaliba nzuri isiyopatikana, huchagua iliyojaa kila duka. Betri nayo ina kaliba yake, na wengi wetu tunanunua bila kuiuliza.

Kwa nyumba ya kawaida ya Mombasa, kaliba hiyo ni volti 12. Gari la jirani ni volti 12. Tuktuk na bodaboda za petroli ni volti 12. Mashua yenye injini, mara nyingi volti 12. Kisanduku cha intaneti, kamera za ulinzi na feni ndogo za mezani nyingi hutumia volti 12. Betri yako ikifa usiku wa manane, kuna gari nje ya geti linaloweza kuichaji, na kila mtaa una fundi wa gari mwenye waya, fyuzi na balbu za kaliba hiyo. Mtambo wa volti 24 au 48 ni mzuri kwa nyumba kubwa yenye friji mbili na pampu ya kisima, maana waya haupati moto sana. Lakini ukiharibika siku ya shida, utamtafuta fundi mmoja tu, naye huenda yuko Nairobi.

Hatua ya kwanza: andika unachotaka kuwasha

Usiende dukani kabla ya kufanya hesabu hii kwenye karatasi. Muuzaji atakuuliza "unataka betri kubwa kiasi gani?" na asiye na karatasi hujibu kwa pesa alizo nazo mfukoni.

Kila kifaa kina wati zake, na kila kimoja kina saa ambazo unakihitaji. Zidisha: wati mara saa ni wati-saa. Nyumba ya shangazi yangu pale Majengo, ya watu sita, ilikuja hivi. Taa tatu za LED za wati 5 kwa saa 6 ni wati-saa 90. Kisanduku cha intaneti cha wati 10 kwa saa 10 ni 100. Simu nne, kila moja takriban 15, ni 60. Feni moja ya volti 12 yenye wati 20 kwa saa 8, maana Februari na Machi hakuna mtoto anayelala bila upepo, ni 160. Jumla ni wati-saa 410 kwa usiku mmoja.

Shangazi aliuliza, "Na pasi, mwanangu? Na birika la stima?" Nilimwonyesha nyuma ya birika lake: wati 2,000. Birika hilo peke yake, likiwaka dakika kumi na mbili, linakula wati-saa 400, karibu sawa na usiku mzima wa nyumba yote. Chochote kinachopasha moto kiondoe kwenye orodha. Chai ya daku itapikwa kwa gesi au makaa. Friji pia ilindwe kwa kufungwa mlango, si kwa betri ndogo, kwa sababu mota yake inapoanza huvuta nguvu mara kadhaa ya zile za kawaida na kuzima papo hapo inveta ndogo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani.

Hatua ya pili: kemia ya betri

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Betri ya gari imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha ijazwe tena barabarani. Ndani yake mna bamba nyembamba za risasi, yale madini mazito. Ukiimaliza hadi chini usiku baada ya usiku, bamba hizo hufa baada ya mara kadhaa tu. Ndiyo iliyonitia gizani mimi.

Betri ya risasi ya mzunguko wa kina, ya jeli au ya AGM (ambayo tindikali yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo), ina bamba nene zaidi na ndiyo inayouzwa sana pamoja na sola. Ni ya kuaminika iwapo utaheshimu sharti moja: usiitumie zaidi ya nusu. Betri iliyoandikwa ampea-saa 100 (kipimo cha umeme unaokaa ndani yake) ihesabu kuwa 50. Ikitunzwa hivyo hutoa mizunguko mia kadhaa ya kujazwa na kutumiwa. Uzito wake ni kilo 28 hadi 30. Mwambie kijana akusaidie kuipandisha ngazi.

Ya tatu ni lithiamu ya chuma na fosfeti, ambayo kwenye kasha huandikwa LiFePO4. Unaweza kutumia asilimia 80 ya nguvu zake bila kuiumiza, nayo ikiwa ya kweli hufika mizunguko 2,000 na kupita. Ya ampea-saa 100 ina uzito wa takriban kilo 11 au 12. Haitoi gesi, haihitaji maji ya betri, na ni tulivu kuliko lithiamu ya simu, ile inayoweza kushika moto ikiumizwa. Bei yake ya siku ya kwanza inauma. Ukiigawa kwa miaka itakayodumu, mara nyingi inatoka rahisi kuliko betri za risasi mbili tatu zinazofuatana.

Rudi kwenye karatasi ya shangazi. Betri ya lithiamu ya namna hiyo ina volti 12.8, hivyo 410 ukigawa kwa 12.8 unapata ampea-saa 32. Gawa tena kwa 0.8 ili usiimalize: 40. Tulinunua ya 50, ikabaki akiba ya stima kuchelewa kurudi. Angetaka ya risasi, 410 kwa 12 ni 34, ugawe kwa 0.5, unafika 68. Basi ungehitaji ya 75 au zaidi, na kwa joto letu ningesema 100.

Joto ndilo sababu. Kanuni wanayoijua mafundi ni kwamba betri ya risasi ikikaa kwenye joto la nyuzi 10 juu ya 25, maisha yake hupungua kwa nusu hivi. Chumba chenye bati Mombasa mchana wa Machi kinapita 35 bila shida. Miaka iliyoandikwa kwenye karatasi ya betri imepimwa mahali pa baridi.

Hatua ya tatu: jaribu kabla hujaamini

Mita ya fundi ya bei ndogo ni kitu cha kwanza kununua, hata kabla ya betri. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma karibu volti 12.7, ikiwa nusu, kama 12.1 au 12.2. Dukani ikisoma 11.8, iache hapo ilipo. Lakini kwa lithiamu usomaji huu hausemi mengi, kwa kuwa volti zake husimama mahali pamoja hadi karibu na mwisho, kisha huporomoka.

Kwa hiyo mimi nina jaribio langu, na nimelifanyia kila betri tangu ile ya kwanza. Nunua balbu ya taa ya mbele ya gari, volti 12 wati 55. Jaza betri kikamilifu. Weka balbu juu ya kigae au sufuria kuukuu, kwa sababu inachoma kweli, iunganishe kwa betri kupitia fyuzi ya ampea 10, kisha tazama saa. Lithiamu ya kweli ya ampea-saa 50 ina wati-saa 640, hivyo balbu inapaswa kuwaka kwa saa 11 hivi kabla bodi ya ulinzi iliyo ndani haijakata. Ya kwanza niliyompimia jirani ilikata baada ya saa tano na robo: kasha la 50, tumbo la 25. Tuliirudisha siku ileile tukiwa na risiti na daftari la saa, tukabadilishiwa. Anza asubuhi ili uwepo inapokata. Ya risasi usiisubiri ikate; ondoa balbu mita ikisoma 12.0 na balbu ingali inawaka. Risiti iandikwe aina ya betri, ampea-saa, na muda wa waranti, wala si "betri moja" tu.

Kaliba ndogo: tochi na hifadhi ya simu

Tochi nyingi za kuchaji siku hizi zinatumia seli ya 18650. Namba hiyo ni kipimo chake: kipenyo cha milimita 18, urefu milimita 65. Nzuri ni tochi ambayo seli yake inatoka, ili ikichoka ubadilishe seli na kubaki na tochi. Seli bora za umbo hili hufika takriban mAh 3,500 (mAh elfu moja ni ampea-saa moja). Ukiona imeandikwa 9900, huo ni uongo ulioandikwa kwa herufi kubwa. Njia yangu ya kuzitambua ni mizani. Seli ya kweli ina gramu 45 hivi. Niliwahi kupeleka nne kwa muuza viungo Marikiti, akaziweka moja moja kwenye mizani anayopimia iliki: mbili zilikuwa 46, mbili 28. Hizo nyepesi zilikuwa na seli ndogo ndani na hewa iliyobaki.

Hifadhi ya simu iliyoandikwa mAh 20,000 imepimwa kwa volti 3.7, yaani wati-saa 74, na baada ya upotevu wa kubadilisha volti utapata kama 60. Simu nne, basi. Ijaze kila baada ya miezi mitatu hata kama hujaigusa.

Weka pia tochi moja ya betri kavu, zile zinazouzwa katika kila kibanda kutoka Likoni hadi Mtwapa. Betri zake zikae nje ya tochi, ndani ya mfuko mkavu, kwa sababu zile za bei nafuu huvuja na kula chuma cha ndani.

Chumvi

Mwongozo wa bara hauwezi kukusaidia hapa. Hewa yetu ina chumvi, na wakati wa kusi upepo unaiingiza hadi kabatini. Waya wa shaba ukivuliwa ngozi na kuachwa wazi, ndani ya miezi michache unakuwa mweusi kisha kijani, na kutu hiyo hupanda ndani ya ngozi ya plastiki usipoiona. Taa inafifia, unailaumu betri, kumbe ni inchi moja ya waya.

Wavuvi wa usiku ninaowajua, waliohama kutoka karabai kwenda taa za LED, wamelielewa hili zamani. Wanatafuta waya wa mashua, ambao kila uzi wa shaba umepakwa bati, na kila kiungo wanakibana kwa koleo, wanakivisha mpira unaonywea kwa joto, kisha wanapaka grisi. Fanya hivyohivyo. Ncha za betri zikiota unga, kwanza tenganisha waya hasi, osha kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi soda, sugua kwa mswaki mkuukuu, kausha kabisa, kaza, kisha paka mafuta ya mgando juu ya kiungo. Juu yake, baada ya kukaza. Wengi hupaka kabla na kuziba njia ya umeme. Nati na bolti za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Kuunganisha

Fyuzi iwe karibu na ncha ya chanya ya betri, ndani ya shubiri moja. Betri haijui kosa la mtoto au panya. Waya ukigusana bila fyuzi, unakuwa mwekundu kwa sekunde chache. Inveta ya wati 300 kwenye volti 12 huvuta ampea 25 na zaidi, basi tumia waya wa milimita za mraba 6 kwa umbali mfupi na fyuzi ya 30.

Lakini jiulize kama unahitaji inveta kabisa. Inveta ikiwa imewashwa tu, bila kulisha kitu, inaweza kula wati 10, na kwa saa kumi ni wati-saa 100, sawa na intaneti ya usiku mzima. Taa za volti 12, feni ya volti 12, kichwa cha USB cha gari kwa simu, na kwa kisanduku cha intaneti kidhibiti kidogo kinachoshikilia volti 12 kamili, maana lithiamu inapochajiwa hupanda hadi 14.4 na kifaa kinaweza kuungua. Nyumba ya shangazi haina inveta hadi leo. Ukilazimika kuwa nayo kwa sababu ya televisheni au mashine ya mgonjwa, nunua ya mawimbi safi, yanayofanana na ya umeme wa ukutani.

Jambo moja ninaliomba kwa dhati: usichomeke inveta au jenereta kwenye soketi ya ukutani ili "nyumba yote iwake". Umeme huo unarudi nje kwenye nguzo, na fundi aliyepanda kurekebisha anakufa. Kuunganisha na waya za nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, akiweka swichi ya kubadilishia.

Betri ya risasi isikae chumba cha kulala. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Iweke juu ya mbao au kreti, si sakafuni ambako maji ya mvua huingia kwanza.

Kuchaji

Chaja ilingane na kemia. Kwa LiFePO4 chaja itulie kati ya volti 14.4 na 14.6, ile kuukuu ya gereji yenye hali ya kusafisha bamba usiitumie. Ya risasi ikae imejaa daima, kwa sababu ikiachwa tupu wiki mbili bamba zake huganda.

Paneli moja ya sola ya wati 100, kwa jua letu la saa tano kamili na upotevu wa robo, hukupa wati-saa 375 kwa siku. Karibu usiku wa shangazi. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, hivyo ielekeze kaskazini kwa mteremko wa nyuzi 10 hadi 15, si kwa ajili ya jua tu bali mvua iteremshe vumbi na chumvi. Mji wa Kale nyumba zimeshikana na kivuli cha jirani kinahama. Panda juu saa tatu, saa sita na saa tisa mchana utazame kabla ya kutoboa dari.

Kisha chagua Jumamosi moja, zima swichi kuu saa kumi na mbili jioni, mlale hivyo. Usiku huo ndio utakaokuonyesha kwamba swichi ya taa ya choo haifikiki gizani, au kwamba namba ya kuripoti hitilafu kwa Kenya Power, 97771, hakuna aliyeiandika ukutani.

Betri ikizeeka

Madini yaliyo ndani ya betri ya kawaida, Kiswahili kinayaita kwa jina lilelile la kinachotoka kwenye bunduki: risasi. Hapa Mombasa tunajua inavyoua bila mlio. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu hewa na maji ya watu waliokuwa wakiishi ukutani mwake. Phyllis Omido, ambaye alifanya kazi humo na mtoto wake akaugua sumu hiyo, aliwaongoza wenyeji kudai haki. Alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa mjini iliamuru wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi iliyosonga hadi Mahakama ya Juu.

Kwa hiyo betri ya risasi iliyokufa usiipasue uani kutafuta chuma, usimwage tindikali yake mtaroni, wala usimpe mtoto aipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaozivunja barabarani. Funga ncha zake kwa tepu, ibebe wima ndani ya karai la plastiki, uirudishe nzima kwa muuzaji anayepokea kuukuu akikuuzia mpya. Wengi hukupunguzia bei. Ukifika nyumbani nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula, na shati ulilolivaa lifuliwe peke yake.